Namna ya kuacha kuhukumu wenzako kanisani: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mimi ni fundi cherehani hapa Malindi, na kwa miaka kadhaa nilikuwa mzee wa kanisa. Kazi hizi mbili zinakutana kuliko mtu anavyodhani. Anayekuja kupimwa nguo husimama kimya kidogo, kisha huanza kuzungumza, na kwa wateja wangu mazungumzo mengi ni ya kanisani: nani amesemwa, nani ameondolewa kwenye kwaya, nani haendi tena ibadani na kwa nini. Nimewasikia wengi walioumizwa. Baadhi yao niliwaumiza mimi.

Ukiwaambia watu wajihadhari na kiburi, wanamfikiria tajiri mwenye gari kubwa, au mwanasiasa anayefika kwenye mchango huku anafuatwa na wapiga picha. Kiburi cha Mkristo hakikai huko. Kinakaa kwenye mema yake: mfungo wake, sadaka yake, miaka aliyodumu katika wokovu, watoto wake wasiokunywa pombe. Ndiyo maana ni vigumu kukiona. Ukikitafuta kati ya dhambi zako hukikuti, unarudi nyumbani umeridhika. Hatua hizi nimezipitia mwenyewe, nyingine zaidi ya mara moja, na naziandika kwa ajili ya yule anayempenda Yesu kweli lakini anajikuta kila Jumapili macho yake yako kwa jirani.

Hatua ya kwanza: litafute jema linalokilisha kiburi chako

Soma Luka 18:9-14 polepole, kana kwamba hujawahi kuhubiriwa habari hiyo. Yule Farisayo alifunga mara mbili kwa juma. Torati ilidai mfungo wa siku moja tu kwa mwaka, Siku ya Upatanisho, kwa hiyo yeye aliuzidisha zaidi ya mara mia. Alitoa zaka katika mapato yake yote. Yesu hakusema kwamba mtu huyu alidanganya. Leo tungemkabidhi hazina ya kanisa bila kupiga kura. Kosa lake liko katika maneno machache: "mimi si kama watu wengine", halafu kidole, "wala kama huyu mtoza ushuru". Kumbe alikuwa amemwona. Amesimama mbele za Mungu, mdomo unaomba, na jicho la pembeni linampima mwenzake.

Sasa chukua daftari dogo. Kwa siku saba, kila ukijikuta umejilinganisha na mtu ukajiona umemzidi, andika mambo mawili: mtu mwenyewe (herufi moja ya jina inatosha, daftari huweza kuokotwa) na jambo ulilomzidi. Usiandike "leo nimekuwa na kiburi". Hilo halikusaidii, ni sawa na kumwambia daktari "naumwa" ukanyamaza. Andika kitu chenyewe. Daftari langu la wiki ya kwanza lilikuwa hivi:

Jumatatu. K., hakufika maombi ya alfajiri, mimi nilifika.
Jumatano. Dereva wa tuktuk, muziki aliofungulia.
Alhamisi. J., mwanawe kafukuzwa shule.
Jumapili. M., kaingia ibadani katikati ya neno, tena akaenda kukaa mbele.
Jumapili tena. Mhubiri mgeni, kaanza dakika ishirini baada ya saa aliyopewa.

Siku ya saba soma orodha yako yote kwa pamoja. Utaona jambo moja au mawili yanarudi. Kwangu lililorudi lilikuwa kuwahi. Mimi ni mtu wa kuwahi, nimelelewa hivyo, na nikatambua kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nafika kanisani mapema ili nipate kuwatazama wanaochelewa.

Ukishalijua jema lako, usiliache. Wengi hukosea hapo: mtu anaambiwa anajivunia maombi, basi anaacha kuomba. Jema halina kosa. Lifiche. Mathayo 6 imesema wazi habari ya sadaka, maombi na mfungo: kwa siri. Kwa mwezi mmoja fanya jema hilo mahali ambapo hakuna atakayekuona. Ikiwa ni sadaka, itoe bila bahasha yenye jina lako. Ikiwa ni maombi marefu, yaombe chumbani, na ukiitwa kuomba kanisani omba kwa sentensi tatu, ukae. Mimi niliendelea kuwahi, nikafungua madirisha, nikapanga viti, kisha nikakaa mstari wa kwanza ambako mlango siuoni.

Hatua ya pili: jipime kwa futi ya mtu mwingine

Kuna mwaka mteja alinitumia vipimo kwa simu kutoka Mombasa. Suruali, kiuno 32. Nikakata, nikashona, nikatuma kwa basi. Akanipigia kwamba suruali inamvuka. Nikamwambia kwa ukali kidogo kwamba aliyempima ndiye aliyekosea, kwa sababu mimi miaka yote hiyo wateja wangu wanatoka na nguo zinazowakaa. Alipokuja Malindi alibeba futi yake. Tukazilaza mbili juu ya meza, yake na yangu, mwanzo kwa mwanzo. Yangu ilikuwa ya kitambaa, imevutwa na kukunjwa tangu nilipoanza kazi, na yangu ilipofika 32, yake ilikuwa imepita 33.

Fikiria kwa nini sikuwa nimeona. Nilikuwa nampima mtu kwa futi ile, halafu napima kitambaa kwa futi ile ile. Kosa lilijifuta lenyewe. Kila nguo ilikaa vizuri, na kila iliyokaa vizuri ilinithibitishia kwamba futi yangu ni sahihi. Lilionekana tu ilipoingia futi ya mtu mwingine.

Basi tafuta mtu mmoja anayekuona nyumbani. Asiwe rafiki wa kanisani, hao mnapimana kwa futi moja. Mke, mume, mtoto aliye mtu mzima, dada yako, au mfanyakazi wako. Mwulize maswali haya mawili, kisha unyamaze kabisa: "Ni watu gani ninaowasema vibaya ninapokuwa nimetulia nyumbani?" na "Ni lini mara ya mwisho ulinisikia nikisema nimekosa, bila kuongeza neno 'lakini'?" Akianza kujibu, usijitetee. Usieleze. Mwambie asante, ukatembee. Mke wangu alinitajia watu wanne bila kufikiri, na wa kwanza alikuwa mama yake mwenyewe.

Hapa Malindi tuna mfano wa kale wa mtu aliyethubutu kuitazama nyumba yake. Mwaka 1542 mmisionari Mkatoliki Francis Xavier alipita hapa akielekea Goa, India. Katika barua aliyoiandika baadaye mwaka huo anaeleza kwamba mzee mmoja wa mji, Mwislamu mwenye heshima, alimwuliza kama Wakristo huenda kanisani mara kwa mara na kuomba kwa bidii, kwa maana kwao ibada ilikuwa imepoa, na kati ya misikiti kumi na saba watu walikuwa wakiiendea mitatu tu. Kila nikipita karibu na lile kanisa dogo la Wareno kule ufukweni namkumbuka mzee huyo. Mgeni wa dini nyingine amefika na meli, na yeye badala ya kujisifia anauliza kwa huzuni habari ya udhaifu wa watu wake. Sisi tungeeleza idadi ya washirika na mradi wa ujenzi.

Baada ya mazungumzo hayo ya nyumbani, fungua 1 Wakorintho 4:7: "Nawe una nini usichokipokea?" Jibu kwa kuandika. Lile jema lako la hatua ya kwanza, ulilipokea kwa nani? Kuwahi kwangu kulitoka kwa baba aliyekuwa na saa ya mkononi na nyumba karibu na barabara. Yule M. anayechelewa anatoka ng'ambo ya mto Sabaki, ameshapika, ameosha watoto watatu, amengoja matatu ijae. Sikuwa nimewahi kumwuliza anatoka wapi.

Hatua ya tatu: ujue tofauti ya kuhukumu na kupambanua

Hatua hii usiiruke, kwa sababu maneno "msihukumu" yametumiwa vibaya sana kunyamazisha watu.

Sura ile ile ya Mathayo 7 inayotukataza kuhukumu, mistari michache mbele inatuambia tujihadhari na manabii wa uongo, na kwamba tutawatambua kwa matunda yao. Yohana naye anatuagiza tuzijaribu roho. Kwa hiyo Yesu hakutuamuru tufumbe macho. Alituamuru tuondoe kwanza boriti, ndipo tuone vema kutoa kibanzi. Kibanzi bado kinatakiwa kutoka.

Sisi wa Malindi tumelipia somo hili. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, ndani ya kaunti yetu hii ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioingia huko wakiamini kwamba kufunga mpaka kufa kutawapeleka kwa Yesu. Kati yao walikuwemo watoto wengi. Kulikuwa na ndugu na majirani waliosema mapema kwamba jambo hili si la Mungu, na hao hawakuwa wenye kuhukumu. Walikuwa wanapenda. Lakini nilisikia pia sauti nyingine dukani kwangu wiki zile, na nyingine ilikuwa yangu: "Watu wajinga hao. Mimi singeweza kudanganywa hivyo." Ndugu yangu, maneno hayo ndiyo ya kuogopwa. Wale walikuwa watu wa maombi. Walifunga. Walisoma Biblia. Walianza kwa kuamini kwamba makanisa mengine yote yamepotea na wao peke yao wamebaki, na wazo hilo mimi nimelikuta katika makanisa mengi yenye mabati mazuri na kwaya nzuri. "Anayejidhania kuwa amesimama na aangalie asianguke", 1 Wakorintho 10:12.

Ukitaka kujua unafanya lipi kati ya hayo mawili, jiulize. Nimeliona jambo hili mwenyewe, au nimelisikia? Kuna mtu anayeumia kwalo? Nikisema, nataka huyu apone, au nataka aaibike? Swali la tatu ndilo gumu, maana moyo hudanganya. Dalili yangu ni hii: nikijikuta natafuta wasikilizaji kabla sijamtafuta mhusika, najua nataka aaibike.

Na kama kuna mtu anayeumia, hasa mtoto, usibaki kwenye maombi peke yake. Mtoto anayenyimwa chakula au matibabu kwa jina la imani, anayepigwa, anayeozwa: nenda kwa chifu, nenda polisi, piga 116, ni namba ya bure ya kusaidia watoto. Vivyo hivyo mwanamke anayepigwa nyumbani asiambiwe "jinyenyekeze". Unyenyekevu haukuwahi kumaanisha kuvunjwa mbavu, na mchungaji anayemrudisha mama nyumbani kwa mstari wa Biblia bila kuuliza usalama wake atajibu mbele za Mungu.

Hatua ya nne: safisha maombi yako ya kikundi

Umbea wetu Wakristo umevaa kanzu. Hatusemi "nimesikia fulani ana mimba". Tunasema "wapendwa, tumwombee sana binti wa fulani, anapita katika kipindi kigumu", kisha tunanyamaza kidogo ili mtu aulize. Tukimaliza kuomba, habari imefika mtaa wa Muyeye. Siku hizi haihitaji hata miguu, kuna kikundi cha WhatsApp.

Weka kanuni moja: huombi hadharani habari ya mtu ambaye hajakuruhusu. Ukitaka kumwombea, mwombee peke yako, Mungu anamjua jina na nyumba. Na mwenzako akianza, msaidie kwa upole. Maneno ninayotumia ni haya: "Mama, umeshazungumza naye mwenyewe?" Kama hajazungumza: "Basi tumwombee bila kueleza, na wewe kesho umpitie." Wengine watanuna. Mathayo 18:15 iko upande wako: "enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu".

Kuna aina moja ya ombi ambayo katika kaunti yetu ni hatari kuliko zote, nami nakuomba uipinge waziwazi popote utakapoisikia. Mtu anasimama kwenye kesha na kusema, "Kuna adui katika boma letu, mtu mzee, hataki watoto wetu wafanikiwe." Hatamki neno uchawi. Hana haja. Huku Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, mvi zao na macho yao mekundu yakihesabiwa ushahidi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna ugomvi wa shamba. Macho ya bibi aliyepika kwa kuni miaka hamsini yatakuwaje kama si mekundu? Kikundi kinachoitikia "amina" kwa ombi kama hilo kimeshampa kijana mwenye hasira baraka anayoitafuta. Simama hapo hapo. Sema, "Tusimwite mtu adui katika nyumba hii. Tumwombee mzee huyo afya, na tuweke siku ya kumtembelea." Kisha mtembelee kweli, mchana, watu wakiwaona mnaingia kwake, na mbebe unga.

Hatua ya tano: mambo yenye shaka mwachie bwana wake

Katika Warumi 14 kanisa lilikuwa limegawanyika juu ya chakula na siku: wengine wanakula nyama, wengine mboga tu. Paulo hakuwapigia kura. Aliuliza, "Wewe u nani unayemhukumu mtumishi wa mwingine?" Nyama yetu sisi ni hereni, nywele za bandia, suruali kwa wanawake, hando la mama wa Kigiriama aliyekuja ibadani na vazi la bibi zake, na mnazi, yaani tembo la mnazi.

Nieleze habari ya mnazi, kwa sababu hapo ndipo nilipoanguka mimi.

Kanisani kwetu alikuja mgema. Mgema hapa kwetu ni mtu wa kazi ngumu: anapanda minazi asubuhi na jioni, anakata karara, anakinga, anashuka, na mnazi wenyewe anawauzia wenye mangwe, vilabu vya kunywea mnazi. Yeye binafsi hakunywa. Alikaa nyuma, na mwanawe wa miaka kumi hivi karibu naye. Ulipoanza ujenzi, mtu mmoja akapendekeza jina lake kwenye kamati, maana alijua mbao na makuti kuliko sisi sote. Nikasimama. Nilisema, "Hatuwezi kuijenga nyumba ya Mungu kwa pesa za ulevi." Watu walipiga makofi. Walimwengu husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Siku ile aliyesifiwa nilikuwa mimi, na nililolitia maji ni neno la Mungu, kwa sababu niliendelea kusema, nikaongeza mistari ambayo haikuhusu.

Yule bwana hakujibu. Alingoja ombi la mwisho, akanipa mkono mlangoni, akaondoka na mtoto wake. Hakurudi.

Sikuambii kwamba kugema ni sawa au si sawa. Kuna Wakristo wema pande zote mbili, na mwenye dhamiri inayomkataza asilazimishwe. Nakuambia mambo ya kufanya linapotokea jambo la namna hii. Mfuate mtu nyumbani kwake kabla ya kikao. Uliza kabla ya kusema: amekuwa akilifikiriaje jambo hili mbele za Mungu? Na kama kanisa lina msimamo, aelezwe faraghani na mchungaji, wala mtoto wake asisikie baba akihesabiwa uchafu mbele ya watu mia mbili.

Hatua ya sita: sogea karibu

Hii ni fupi kuieleza na ndefu kuifanya. Kwa mtu mmoja katika daftari lako, yule anayerudi zaidi, tafuta njia ya kukaa naye saa moja bila ajenda. Usimpeleke mahubiri. Kunyweni chai.

Malindi imezoeana na Waitaliano, na kila kanisa lina msichana mmoja anayesemwa kwamba "anatoka na mzungu mzee". Alikuja mmoja kushonewa gauni, na akina mama wawili waliokuwa wamekaa dukani wakanyamaza ghafla kama redio iliyokatiwa umeme. Nilipokuwa nampima alinieleza mambo ya maisha yake, nayo si ya kuandikwa hapa. Sisemi yalihalalisha lolote. Nasema kwamba kwa miezi nilikuwa nimemshonea hukumu bila kumchukua kipimo hata kimoja, na siku hiyo, kwa dakika kumi tu, nilimjua kidogo. Tangu hapo nikimwombea huwa najua ninaomba nini.

Ukimsogelea mtu utagundua pia kwamba wewe unasogelewa. Huenda akakuonyesha kosa lako. Lipokee.

Hatua ya saba: ulipoumiza, rudi

Kutubu mbele za Mungu ni lazima, lakini aliyeumizwa naye ana mlango, na mlango huo unabishwa kwa mkono. Nenda mwenyewe, usitume ujumbe kwa simu. Taja kosa kwa jina lake. Usieleze ulikuwa na nia gani. Usiseme "kama nilikukosea". Na kama ulimwaibisha mbele ya watu, uwe tayari kukiri mbele ya watu hao hao, lakini umwulize kwanza. Wengine hawataki jeraha lao lifunguliwe tena hadharani. Usidai usamehewe papo hapo, na usilete zawadi. Zawadi humfunga mtu mdomo.

Mimi nilichukua miaka minne kwenda kwa yule mgema. Nilimkuta njia ya Ganda, yuko juu ya mnazi, nikangoja chini huku namwona anashuka polepole kwa vidato vilivyochongwa kwenye shina, kisu kiunoni. Nilimwambia: "Nilikuaibisha mbele ya kanisa na mbele ya mtoto wako. Nilisema maneno yasiyokuwa haki. Nimekuja kukuomba msamaha." Alinifungulia dafu, tukakaa kwenye kinu kilicholazwa. Akasema, "Mimi nilikusamehe siku ile ile, mzee. Lakini kijana alinishika mkono njia nzima akiniuliza, baba, sisi ni watu wabaya? Ndiyo maana sikurudi." Siku hizi anasali kanisa jingine. Kijana hasali popote.

Nilimwuliza kama naweza kuzungumza na kijana. Akasema tungoje. Nikangoja. Mwezi wa kwanza uliofuata alikuja naye dukani, shule zimekaribia kufunguliwa, anahitaji suruali ya sare. Kijana alisimama mbele yangu, mikono ameitenga na mwili kama walivyozoea, macho yako barabarani. Nikamwambia lile nililomwambia baba yake, kwa maneno yale yale. Alitikisa kichwa mara moja, sikujua ni ya kukubali au ya kutaka nimalize. Baba akauliza bei. Nilitamani sana kusema ni bure. Nikajizuia, nikamtajia bei ninayowatajia wote, naye akalipa nusu, nusu siku ya kuchukua. Nikachukua futi mpya. Kiuno 28, urefu 39. Nikaandika.